Kujenga tangi la samaki la akriliki nyumbani Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wa Dodoma mjini na majirani zake, kuanzia Kongwa mpaka Manyoni, wanaotaka tangi la akriliki, ile plastiki ngumu na angavu kama kioo, kwa vipimo vyao wenyewe: la kuziba pengo la ukutani, la kukaa kona ya sebule, la kutenganisha sebule na meza ya chakula. Mfano unaotumika karibu kila mahali hapa chini ni tangi la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45.

Kwa nini nihangaike na akriliki wakati fundi wa vioo yupo mtaani?

Pengine usihangaike. Kama unataka tangi la lita 40 au 60 la kuweka juu ya kabati, nunua kioo na silikoni, umalize kazi Jumamosi. Kioo hakikwaruziki ovyo, na fundi yeyote wa aluminiamu na vioo atakukatia vipande ukiwa umekaa hapohapo unasubiri.

Akriliki huanza kujilipa tangi linapokuwa kubwa, linapokuwa na umbo lisilo la kawaida, au linapotarajiwa kuhamahama. Mita moja ya mraba ya akriliki ya milimita 10 ina uzito wa kilo 12 hivi; ya kioo cha unene huohuo ina kilo 25. Tangi letu la mfano likiwa tupu halifiki kilo 25, wakati la kioo lingefika 50. Akriliki inapitisha mwanga kwa asilimia 92, haina ule ukijani wa kioo kinene, na ikigongwa na kiti haimwagiki vipande. Halafu inapitisha joto kidogo sana, takriban moja ya tano ya kioo. Usiku wa Julai, hita ikiwaka, tofauti hiyo utaiona kwenye luku.

Ubaya wake mkubwa ni mikwaruzo, na tutafika huko. Ubaya wa pili hautajwi sana: kingo zake hazitaki mzaha. Kioo kilichokatwa vibaya hufichwa na silikoni. Akriliki iliyokatwa vibaya haifichwi na kitu, kwa sababu ukingo wenyewe ndio unaoyeyuka na kuwa kiungio. Karibu kila tangi la akriliki linalovuja lilianza kuvuja siku lilipokatwa.

Nikiingia dukani niombe nini?

Omba akriliki ya kumimina. Shiti hizi hutengenezwa kwa namna mbili. Katika ya kwanza, kimiminika humwagwa katikati ya vioo viwili na kuachwa kigande taratibu. Katika ya pili, plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kupitia mdomo wa mashine na kutoka kwa mfululizo, kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu. Hiyo ya kusukumwa ni ya bei nafuu na unene wake ni sawasawa kila mahali, lakini hubaki na mkazo ndani yake. Ikiguswa na gundi ya kuyeyusha, mkazo ule hujitokeza kwa nyufa nyembamba karibu na kiungio, wakati mwingine baada ya miezi. Kwa bango la duka haina neno. Kwa ukuta unaozuia lita 160 za maji sebuleni, hapana.

Perspex na Plexiglas ni majina ya kibiashara ya kitu hikihiki, na yote mawili yanauzwa ya kumimina na ya kusukumwa, kwa hiyo kutaja jina peke yake hakutoshi. Kwenye Plexiglas angalia herufi: GS ni ya kumimina, XT ni ya kusukumwa. Kama shiti haina maandishi, omba kipande cha taka ukitoboe kwa drili. Ya kumimina hutoa vumbi na vipande vikavu. Ya kusukumwa hulainika na kunata kwenye keekee. Muuzaji anayekukatalia kipande cha taka, mwache.

Beba kalipa pia, kifaa cha kupimia unene. Unene wa shiti ya kumimina hupungua na kuzidi kutoka kona moja hadi nyingine, na ile inayoitwa ya milimita 10 unaweza kuikuta na 9 na kitu. Ukijua mapema utapanga vipande vyako vizuri.

Dodoma inapatikana?

Nyembamba ndiyo, kwa mafundi wa mabango: milimita 2, 3, mpaka 5, maana herufi za bango hazihitaji zaidi. Ya milimita 10 na kuendelea mara nyingi huagizwa kutoka Dar es Salaam kwa wauzaji wa vifaa vya mabango. Njia ni kilomita 450 hivi, kwa hiyo lipia shiti isafiri juu ya ubao bapa au isimame wima imefungwa vizuri, na usikubali ilazwe juu ya mizigo mingine kwenye Fuso. Ikifika imejipinda kidogo, ilaze sakafuni kwenye kivuli siku kadhaa. Karatasi au nailoni ya kinga isibanduliwe mpaka siku ya kazi.

Nimepewa plastiki angavu ya bei rahisi. Nitajuaje kama ni akriliki kweli?

Ukipinda kipande chembamba na kikakunjika bila kuvunjika, hiyo ni polikaboneti, ile ya mapaa ya baraza. Akriliki huvunjika kwa mlio. Polikaboneti ni imara sana ikigongwa, lakini hukwaruzika upesi kuliko akriliki na hupinda zaidi ikisukumwa na maji. Ipelekwe kwenye baraza.

Unene gani unatosha?

Watu huuliza kwa lita: "lita 200 unene gani?" Lita haziamui. Kinachoamua kwanza ni kimo cha maji. Tangi la kimo cha sentimita 45, liwe na urefu wa mita moja au mita kumi, shinikizo la chini kabisa ni lilelile. Urefu unakuja nafasi ya pili, kwa sababu ukuta mrefu hutuna zaidi katikati.

Vipimo ambavyo wajenzi wengi huvitumia, kwa tangi lenye ukanda wa juu (kipande cha akriliki kinachofunga kingo za juu za kuta) na lisilozidi sentimita 120 za urefu, ni hivi: kimo cha sentimita 30, milimita 6. Kimo cha 45, milimita 10. Kimo cha 50 au kuzidi kidogo, milimita 12. Ukifika sentimita 60, usishuke chini ya 15, na mimi ningeweka 20 kama mfuko unaruhusu.

Ili uone kwa nini tunasisitiza kimo, chukua ukuta wa mbele wa tangi letu la mfano. Likijaa mpaka juu, maji yanausukuma ukuta ule kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 90 hivi. Ongeza kimo kutoka 45 kuwa 60, urefu uache ulivyo: nguvu inapanda karibu kilo 160. Umeongeza theluthi moja ya kimo, mzigo umekaribia kuzidi mara mbili. Ndiyo maana ushauri wetu kwa anayetaka tangi lionekane kubwa ni uleule: ongeza urefu na upana, kimo kiache. Samaki wengi hata hivyo huogelea kwa mlalo, na mkono wako utafika chini bila kupanda stuli.

Kwa wapenda makubwa: dirisha kuu la akwariamu ya Churaumi, Okinawa, Japani, lina upana wa mita 22.5 na kimo cha mita 8.2. Akriliki yake ina unene wa sentimita 60.

Shiti moja itanitosha?

Kwa tangi la mfano, ndiyo, na inabaki. Shiti ya kawaida ni futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Unahitaji vipande vinne vya 90 kwa 45: sakafu, mbele, nyuma, na cha juu kitakachotobolewa kuwa ukanda. Unahitaji pia viwili vya ubavuni vya 43 kwa 45, kwa sababu vitakaa katikati ya mbele na nyuma, na milimita 10 kila upande inatoka kwao.

Panga vile vinne kimoja juu ya kingine, sentimita 90 zikilala kwenye upana wa shiti. Vitakula sentimita 180 na ushee za urefu, ukihesabu na unene wa msumeno. Kinachobaki mwisho ni sentimita 60 na kitu kwa 122, na vipande vya ubavuni vinakaa hapo viwili pamoja. Pembeni unabakiwa na utepe wa zaidi ya sentimita 30, na huo usiutupe: ndio wa kujifunzia kukata na kugundisha. Sakafu na kipande cha juu vikatwe vizidi milimita 2 au 3 kila upande. Utavisawazisha kwa ruta, mashine ya seremala ya kusawazishia kingo, baada ya kugundisha.

Fundi ana mashine ya leza, anasema ukingo utatoka unang'aa. Nimpe?

Mng'ao huo ndio wa kuogopa. Leza hukata kwa kuunguza, na joto lake huacha mkazo kwenye ukingo. Gundi ikigusa hapo, nyufa zinaanza. Viwandani ukingo wa namna hiyo hutulizwa kwenye tanuri la nyuzi karibu 80 kwa saa kadhaa kisha ukapozwa polepole. Nyumbani huna tanuri la kuingiza shiti ya sentimita 90. Kama leza ndiyo pekee iliyopo, mwambie azidishe milimita 2 kila upande, halafu zile 2 uziondoe kwa ruta.

Kilicho bora ni msumeno wa meza wa fundi seremala, wenye bleti ya meno mengi madogo ya kukatia plastiki au aluminiamu, meno 80 hivi. Bleti ya kupasulia mbao inamegua. Mwambie fundi asikimbize wala asisimame katikati ya kipande, maana msumeno ukisimama plastiki inayeyuka na kuganda nyuma yake. Grenda usiifikirie kabisa.

Baada ya kukata, ukingo ushughulikiweje?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Msumeno, hata mzuri, huacha mistari. Pitisha ruta yenye bleti iliyonyooka ikiongozwa na ubao au rula ya chuma, ukiondoa nusu milimita tu kwa kila mpito, mpaka mistari iishe. Ukitaka kulainisha zaidi, gandisha msasa namba 320 kwenye kipande cha kioo na usugue ukingo juu yake ukiwa wima kabisa. Usiushike msasa kwa vidole: vidole huviringisha kona, na kona iliyoviringika haigusani na mwenzake.

Kisha simamisha kipande juu ya kingine kikavu, uchungulie ukiwa na taa upande wa pili. Ukiona mwanga unapita mahali, rudi kwenye ruta. Hakuna gundi itakayokuja kuziba uzembe huo. Wala ukingo usiupitishie moto ili ung'ae. Moto ni wa kingo zitakazobaki wazi, na hata hizo zisiwe karibu na kiungio.

Naweza kuunganisha kwa silikoni?

Hapana. Silikoni inashika kioo; kwenye akriliki hubanduka kwa kucha.

Kwa hiyo gundi ipi?

Gundi ya akriliki inayofaa haigundishi kwa maana ya kawaida. Ni kimiminika chepesi kinacholainisha nyuso mbili mpaka zichanganyike, kisha kinaruka hewani na kuacha kipande kimoja. Mafundi wa mabango hutumia klorofomu au dikloromethani, na zipo za kopo zilizotengenezwa kwa kazi hii, mfano Weld-On 4. Kwa kiungio chenye pengo dogo kuna nzito za kuchanganya mbili, mfano Weld-On 40, ambazo ni ghali lakini hujaza.

Tahadhari ni za kweli. Mvuke wa klorofomu unaumiza ini na unalewesha, na ukikutana na moto hutoa fosijini, gesi ya sumu kali. Fanya kazi barazani au chini ya mwembe, mbali na jiko la mkaa na mbali na mvutaji sigara. Glavu ikilowa ivue mara moja, maana vimiminika hivi hupenya mpira. Na tafadhali usihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Nyumba yenye watoto, chupa ya namna hiyo ni msiba unaosubiri siku.

Nigundishe vipi hatua kwa hatua?

Siri iko kwenye mlalo. Kimiminika hiki husafiri chenyewe ndani ya pengo jembamba, mradi kiungio kiwe kimelala chini. Kwa hiyo kila kiungio ukigeuze kilale.

Laza ukuta wa mbele juu ya meza iliyonyooka. Bandua kinga kwenye mistari ya kugundisha tu, sentimita 3 hivi, kwingine iache. Simamisha vipande viwili vya ubavuni juu yake, kila kimoja mwisho wake, ukivishikilia wima kwa vibao vya pembe mraba na selotepu ya karatasi. Chini ya kila kimoja ingiza pini nyembamba za kushonea kila baada ya sentimita 10 au 15, vichwa vikitokeza nje. Pini zinainua kipande kiasi cha unywele.

Vuta gundi kwenye bomba la sindano. Pitisha ncha kwenye kona, upande wa ndani, bila kukawia mahali. Sasa angalia kwa makini: kiungio kikavu kina weupe wa fedha, na kimiminika kinapopita chini yake weupe ule unafifia na kuwa angavu, ukikimbia kutoka pini hadi pini. Pakibaki weupe, ongeza tone hapo. Subiri kati ya sekunde 30 na 60, nyuso zilainike, kisha chomoa pini moja moja, taratibu. Kipande kitashuka chenyewe kwa uzito wake na kukaa. Usikikandamize. Ukikandamiza unafukuza ule ulaini uliousubiri, na kiungio kinabaki kikavu.

Kiache saa moja bila kukigusa, bora zaidi mpaka jioni. Kisha pindua kazi yote uisimamishe juu ya ukuta wa nyuma na urudie. Sasa una fremu ya pande nne. Kesho yake sawazisha kingo zake za chini, uigundishe kwenye sakafu; keshokutwa kipande cha juu. Anayemaliza vyote alasiri moja ana haraka ambayo maji hayana.

Nimeona viputo ndani ya kiungio. Nivunje?

Viputo vidogo vilivyotawanyika ni sura mbaya tu. Cha kuogopa ni mstari wa weupe unaotoka ndani mpaka nje, maana huo ni mlango. Kiungio cha namna hiyo kwenye sakafu ya tangi, kikate upya kwa msumeno ukubali tangi fupi kwa sentimita moja. Kupaka gundi nzito juu yake ni kujidanganya mpaka siku ya maji. Tarehe 16 Desemba 2022 akwariamu ya AquaDom, Berlin, yenye lita milioni moja, ilipasuka alfajiri na kumwaga maji yote hotelini na barabarani. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha sababu moja, ila kuachia kwa maungio ya gundi kulikuwa kati ya yale waliyoyafikiria.

Vumbi na ukame wa Dodoma unaathiri kazi hii?

Sana, na kwa pande mbili. Ukame unasaidia: mahali penye unyevu kama Dar, gundi inaporuka hupoza uso na kuvuta umande, kiungio kikapata ukungu mweupe. Hapa, ukiacha miezi ya mvua, Desemba mpaka Aprili, shida hiyo ni ndogo.

Lakini Septemba na Oktoba mchana, gundi inaruka kabla haijafika mwisho wa kipande cha sentimita 90. Klorofomu huchemka kwa nyuzi 61 tu, dikloromethani kwa 40. Gundisha saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka na bati halijapata moto. Vumbi nalo lina ujanja wake: ukibandua kinga ya akriliki kwa nguvu, uso hupata umeme tuli na kuvuta kila chembe iliyoko hewani, na huku kwetu chembe hazikosekani. Mwagia maji sakafuni kabla ya kuanza, bandua polepole, na futa ukingo kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo kisha uuache ukauke kabisa. Usifutie spiriti wala dawa ya vioo yenye amonia, zote zinaleta nyufa.

Jambo jingine ni joto lenyewe. Akriliki hutanuka mara saba au zaidi ya kioo. Ukuta wa sentimita 90, kati ya alfajiri ya Julai yenye nyuzi 13 na mchana wa 28, hubadilika karibu milimita moja. Wa kioo hata robo yake haufiki. Kwa hiyo wazo la "mbele kioo, kwingine akriliki" liache.

Ukanda wa juu ni lazima?

Kwa kimo cha sentimita 30 na unene wa kutosha unaweza kuukwepa. Kwa 45, lazima. Ni kile kipande cha sita, kizima, kilichotobolewa matundu mawili katikati ili mkono na mwanga vipite, kikibakiza sentimita 6 au 7 pande zote na daraja katikati. Pembe za matundu ziwe za mviringo. Pembe kali ya ndani ndipo ufa huanzia, kwa hiyo toboa kwanza tundu la drili kila pembe halafu ukate kuyaunganisha. Hata hivyo ukuta utatuna kidogo ukijaa. Milimita mbili tatu zisikunyime usingizi.

Stendi iweje?

Likiwa na maji, mchanga na mawe, tangi la mfano linakaribia kilo 200. Mchomeleaji akutengenezee fremu ya skwea paipu, miguu ikiwa chini ya pembe na mmoja au miwili katikati, juu yake plaiwudi ya milimita 18, na juu ya plaiwudi sponji nyembamba ngumu ya kufungashia. Tangi la akriliki linataka kushikwa sakafu nzima, sio pembeni tu. Weka pimamaji urefu na upana kabla ya tone la kwanza, kwa sababu baada ya hapo halisogei.

Naweza kutoboa tundu la bomba?

Ndiyo, na hapa akriliki inaizidi kioo mbali. Toboa kabla ya kugundisha, kwa holiso (msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili) kali na mwendo wa polepole, kipande kikiwa kimelala juu ya ubao, ukimwagia maji kipoe. Tundu liwe mbali na kingo angalau kwa kipenyo chake. Tenki konekta ya duka la mabomba inafaa. Mpira wake ukae ndani, na ukaze kwa mkono tu.

Tangi lijaribiwe lini, na wapi?

Nje, wiki moja baada ya kiungio cha mwisho. Jaza robo, ulale. Jaza nusu, ulale. Jaza lote, liache siku tatu nne, karatasi kavu ya gazeti ikiwa imetandikwa chini kuzunguka: gazeti huonyesha tone ambalo jicho halilioni. Maji hayo yamwage kwenye miti, halafu suuza mara mbili kuondoa mabaki ya gundi.

Maji ya Dodoma yanafaa samaki?

Inategemea samaki. Mji unategemea sana visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na maji ya visima vya ukanda huu mengi ni mazito, yana chumvichumvi. Birika lako linakupa ushahidi. Samaki wa mito ya Amazon watanung'unika. Lakini sisi tuna Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni ya asili hiyo, yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali) karibu 9. Samaki wake wengi wa mapambo watajiona wako nyumbani. Kwa tangi la lita 160 ningechagua wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, Neolamprologus multifasciatus: wana urefu wa sentimita chache, wanachimba mchanga kutwa nzima, na wanalinda kombe lao kwa ukali usiolingana na umbo. Nunua kwa mfugaji au kwa mwenye kibali cha kuvua samaki wa mapambo.

Maji ya bomba yaache siku nzima yakipulizwa hewa ili klorini itoke. Kisha tangi lifanye kazi na chujio lake wiki nne mpaka sita, ukilisha bakteria wa kusafisha maji kwa chembe ya chakula, kabla ya kuingiza samaki wa kwanza. Na kwa kuwa hewa yetu ni kavu, maji hupungua upesi na chumvi hubaki. Ukijazia maji ya bomba kila mara, uzito unapanda; jazia ya mvua uliyokinga mbali na vumbi la bati, au yaliyochujwa ya kunywa. Mstari mweupe unaoganda usawa wa maji unatoka kwa siki iliyopunguzwa kwa maji.

Mikwaruzo inatoka?

Inatoka, na kwenye kioo haitoki. Anza na msasa wa maji namba 800, nenda 1000, 1500, 2000, kila mmoja ukisugua kwa mwelekeo unaokata wa uliotangulia, kisha dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa laini. Mkwaruzo ulioingia ndani kiasi cha kushika ukucha unahitaji kuanzia 600. Kwa usafi wa kila wiki tumia sponji laini au kadi ya plastiki. Ile sifongo ya kijani ya kusugulia sufuria ikae jikoni, na chembe ya mchanga isibaki kwenye sponji. Mama mmoja aliuliza afanye nini na watoto wanaogonga na vifunguo. Tangi likae juu, meza ya chini iondolewe. Jibu jingine hatuna.

Mimi ni mtumishi, naweza kuhamishwa wakati wowote. Itakuwaje?

Ndiyo sababu mojawapo ya kuchagua akriliki. Samaki waingie kwenye ndoo zenye mfuniko na maji yao wenyewe, nusu ya ndoo iwe hewa. Chujio lisafiri likiwa limelowa, bakteria wasife. Mchanga na mawe yatoke yote. Tangi lisibebwe hata na sentimita moja ya maji, kwa sababu maji yakiyumba hupiga ukuta mmoja. Lifunge kwa shuka la pamba kwanza, blanketi juu yake, gunia kamwe. Lisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Ukifika, kama litakaa tupu kwa muda, liweke kivulini likauke polepole, kwa kuwa akriliki iliyokaa majini hunywa maji kidogo, na kuikausha ghafla kunakaza maungio. Kabla ya kulijaza tena rudia jaribio la gazeti, nje.